Habari za Maisha ya Bwana Alexander Mackay, na Mashindano Yake na Mapadre Mbele ya Kabaka



Siku za mnada hapa Gairo watu hukutana kutoka Ukaguru, Ugogo na Unguu, na wakiisha kupatana bei ya mbuzi na mahindi, maneno ya dini nayo hayakosi. Mkatoliki humwuliza Mlutheri, Kanisa lenu lilijengwa na nani, maana Bwana alimpa Petro funguo, wala hakumpa Luther. Mlutheri naye hujibu kwamba mwamba si Petro, mwamba ni Kristo, na Papa hakutajwa katika Maandiko. Hapo sauti hupanda, na mara nyingi wote wawili huenda zao na hasira, wala hakuna aliyejifunza neno. Walimu wa sharika wametuomba tuandike juu ya mwamba na funguo. Tumeona ni afadhali kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeshindania mamlaka ya Kanisa mbele ya mfalme, hapa hapa Afrika ya Mashariki, tena mtu aliyepita karibu na nchi yetu na shoka mkononi.

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Scotland. Msomaji na alishike jambo hili, maana bila hilo hatafahamu ugumu wa mtu huyu. Kanisa Huru lilitoka katika Kanisa la taifa mwaka 1843, kwa sababu wachungaji na wazee wengi walikataa kwamba bwana mwenye mashamba awachagulie watu mchungaji wasiyemtaka. Wachungaji waliacha nyumba zao na mishahara yao, wakaenda kuhubiri uwanjani na katika maghala, wakisema Kichwa cha Kanisa ni Kristo peke yake. Mtoto aliyelelewa katika nyumba kama hiyo alinyonya neno la mamlaka ya Kanisa pamoja na maziwa ya mama yake.

Baba alitamani mwanawe awe mchungaji, lakini kijana alipenda mashine. Alisoma ualimu Edinburgh, kisha uhandisi, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani, mji wa Berlin, akafanya kazi ya kuchora na kusimamia utengenezaji wa mitambo. Huko alikaa katika nyumba ya mhubiri mmoja wa mfalme, jina lake Baur, akajifunza mengi katika jamaa ile. Hivyo sisi Walutheri tunayo sehemu ndogo katika malezi yake, ingawa yeye hakuwa Mlutheri hata siku moja.

Mwezi wa Novemba 1875 gazeti moja la London lilichapa barua ya Stanley, kwamba Mutesa, Kabaka wa Buganda, anataka walimu. Chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani C.M.S., kikakusanya watu wanane, Mackay akiwa mmoja wao. Waliondoka Uingereza Aprili 1876, wakafika Unguja mwishoni mwa Mei. Katika wanane hao wengine walikufa, wengine walirudi kwao wagonjwa, na wawili, Luteni Smith na Bwana O'Neill, waliuawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877. Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani.

Lakini hakukaa bure. Mwaka 1877 alikata njia kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230, ili magari ya ng'ombe yapate kupita badala ya mizigo kubebwa vichwani. Njia ile ilipita Mamboya, chini ya milima ya Ukaguru, si mbali na hapa Gairo. Alifyeka miiba, akachimba kingo za mito, akatandika magogo katika vinamasi. Baadaye magari yalipokuja, mbung'o waliwaua ng'ombe, na kazi ile kubwa haikuleta faida aliyoitumaini. Mwaka ule ule wa 1877 mapadre wa Roho Mtakatifu kutoka Bagamoyo walianza misheni yao Mhonda, katika milima ya Unguu. Basi, toka mwanzo dini hizi mbili ziliingia nchini kwetu bega kwa bega, na hakuna anayeweza kumwambia mwenzake kuwa ni mgeni wa jana.

Mwezi wa Novemba 1878 Mackay akafika Buganda, umri wake miaka 29. Kabaka alimpokea kwa heshima. Waganda walistaajabu kumwona akifua chuma, akinoa kwa jiwe la kuzunguka, akichonga herufi za kupigia chapa. Lugha ya mafundisho siku zile za kwanza ilikuwa Kiswahili, kwa maana watu wa barazani walikijua kwa sababu ya biashara ya pwani, na Askofu Steere wa Unguja alikuwa amekwisha kufasiri sehemu za Maandiko katika lugha hii. Siku za Jumapili Mackay alisoma na kuomba barazani, Kabaka na wakuu wake wakisikiliza. Wala hakuwa na daraja yo yote ya Kanisa. Alikuwa fundi, mlei mtupu, na alibaki hivyo hata kufa.

Februari 1879 wakaja Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans, watu wa shirika la White Fathers lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Wenzao wakafuata katikati ya mwaka. Mackay alihuzunika sana. Aliona Afrika ni pana, na mataifa yasiyosikia neno ni mengi, mbona waje kupanda katika shamba lililokwisha kulimwa? Mtume Paulo naye aliogopa kujenga juu ya msingi wa mtu mwingine. Lakini mapadre hawakuona kwamba wanaingia shamba la mtu. Machoni pao shamba lote la ulimwengu lilikuwa la Kanisa moja, na Mprotestanti alikuwa mtu aliyepotea njia, anayewapoteza na wengine.

Jumapili moja ya mwaka ule wa 1879, Mackay alipokuwa akiendesha ibada barazani, Padre Lourdel na wenzake walikuwapo, nao hawakupiga magoti. Kabaka akataka kujua sababu. Lourdel, aliyekuwa kijana mwenye moto, akajibu kwa maneno yaliyochanganyika, Kiswahili, Kiganda na Kifaransa, kwamba dini ya Waingereza si ya kweli, na kwamba Mackay anafundisha uongo. Mackay naye akashika maneno. Akaeleza kwamba Wafaransa wanamheshimu Mariamu kupita kiasi, tena wanamfuata Papa, ambapo yeye na wenzake hufuata Neno la Mungu peke yake. Kabaka akageuka huku na huku. Akauliza, mtu mweusi atajuaje ni yupi msema kweli? Wakuu wakasema kila taifa la wazungu lina dini yake. Waarabu waliokuwapo walifurahi, kwa kuwa wao waliketi kimya wakawaona wenye Injili wakiraruana.

Sisi tulio wachungaji twaona haya kusoma habari hii, kwa kuwa twajua Mutesa aliuliza swali la haki. Hata hivyo haifai kuwahukumu watu wale kama kwamba waligombea kitu kidogo. Lourdel alikuwa chini ya sheria ya Kanisa lake, iliyokataza siku zile kuomba pamoja na Waprotestanti. Tena miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1870, uliotangaza kwamba Papa hawezi kukosea anapofundisha Kanisa lote, kwa mamlaka ya kiti cha Petro, katika mambo ya imani na maadili. Mbele ya Lourdel alisimama mwana wa Kanisa Huru la Scotland, ambaye baba yake na wenziwe walikubali kupoteza yote kuliko kukiri kichwa kingine zaidi ya Kristo. Wangepiga magoti pamoja kwa njia gani?

Hapa na tuache safari ya Mackay kidogo, tulitazame neno lenyewe la mwamba, ambalo ni shina la mabishano haya.

Katika sura ya 16 ya Injili ya Mathayo, Bwana anamtaja Petro kwa jina, kisha anataja mwamba ambao juu yake atalijenga Kanisa lake. Katika Kiswahili jina Petro na neno mwamba hayafanani hata kidogo, hivyo msikilizaji wetu hawezi kusikia yaliyomo. Katika Kiyunani yanakaribiana, Petros na petra. Waprotestanti wengi wamesema, tazama, maneno ni mawili, basi vitu ni viwili. Wakatoliki hujibu kwamba Bwana hakusema Kiyunani bali Kiaramu, na katika lugha hiyo neno ni moja tu, Kefa, jina lile lile ambalo Paulo anamwita Petro katika nyaraka zake. Jibu hilo lina nguvu, na mwalimu asilidharau. Wana na hoja nyingine iliyo bora, isiyosikiwa sana mnadani: Isaya sura ya 22 inaeleza jinsi Eliakimu, msimamizi wa nyumba ya mfalme, anavyopewa ufunguo wa nyumba ya Daudi. Ndipo Mkatoliki husema, mfalme hubaki mfalme, lakini nyumba yake ina msimamizi.

Nasi twajibu nini? Kwanza, kwamba ufunguo ule ule wa Daudi, katika sura ya 3 ya Ufunuo, umo mkononi mwa Kristo mwenyewe. Pili, kwamba uwezo wa kufunga na kufungua, alioahidiwa Petro katika sura ya 16, wanapewa wanafunzi wote katika sura ya 18, mahali pasemapo juu ya kumwonya ndugu aliyekosa. Kwa hiyo Luther alifundisha kwamba funguo ni za Kanisa zima, na mchungaji anapomwondolea dhambi mtu aliyetubu, hufanya hivyo kwa kazi aliyokabidhiwa, si kwa urithi wa kiti cha Roma. Tatu, Paulo anawaambia Wakorintho kwamba msingi ni Yesu Kristo, na Waefeso anawaambia kwamba wamejengwa juu ya mitume na manabii, Kristo akiwa jiwe la pembeni. Petro mwenyewe katika waraka wake wa kwanza anamwita Kristo jiwe lililo hai, na waumini wote anawaita mawe yaliyo hai. Katika mifano hii jiwe huwa mara Kristo, mara mitume, mara sisi sote. Mfano si kamba ya kumfunga Mungu.

Hata Agostino, mwalimu mkuu wa Kanisa la kale, ambaye Wakatoliki nasi pia twamheshimu, hakukaza neno hili. Katika uzee wake alipoyapitia tena maandiko yake, alisema kwamba zamani aliufasiri mwamba kuwa ni Petro, na baadaye mara nyingi akaufasiri kuwa ni Kristo aliyekiriwa na Petro, akamwachia msomaji achague. Ingekuwa vema kama wabishi wa mnadani wangepata nusu ya utulivu huo.

Tena Mlutheri asijisifu upesi kwamba yeye ndiye ajuaye lipi ni mfano na lipi si mfano. Mwaka 1529, huko Marburg, Luther alikutana na Zwingli juu ya maneno ya Bwana ya Chakula Kitakatifu. Zwingli alisema neno la mwili pale ni mfano, kama Bwana alivyojiita mzabibu na mlango. Luther aliandika maneno yale kwa chaki juu ya meza, akakataa kuondoka hapo. Katika jambo hilo tunasimama karibu na mapadre kuliko na Mackay, aliyelelewa katika mafundisho ya Calvin. Mwenye kusoma na akumbuke hayo kabla hajagawanya watu katika makundi mawili mepesi.

Turudi Buganda. Matunda ya mashindano yalionekana upesi. Desemba 1879 Kabaka na wakuu wake walizikataa dini za wageni, ya Waarabu na ya wazungu pia, wakairudia miungu ya zamani, na mganga wa Mukasa, mungu wa ziwa, akaletwa kwa ngoma mpaka ikulu. Mutesa alikufa Oktoba 1884 bila kubatizwa na upande wo wote. Hatusemi ubishi ule tu ndio uliomzuia, maana alikuwa na wake wengi na hila za ufalme. Lakini ulimpa udhuru.

Watu wadogo, kinyume chake, hawakungoja wazungu wapatane. Waliitwa wasomaji, wa pande zote mbili, kwa kuwa kusoma na kuamini vilikwenda pamoja. Mapadre walibatiza wa kwanza wao Machi 1880. Kisha Lavigerie akaagiza kwamba wanafunzi wa ubatizo wafundishwe miaka minne, agizo ambalo sisi tunaobatiza kwa haraka twaweza kulitafakari. Upande wa Waprotestanti kijana Sembera alimwandikia Mackay barua ya kuomba ubatizo. Hakuwa na kalamu, akachonga unyasi, akajitengenezea wino. Tarehe 18 Machi 1882 yeye na wenzake wanne wakabatizwa, na Sembera akachagua kuitwa Mackay. Aliyewabatiza ni Mchungaji O'Flaherty, maana fundi hakuwa na daraja ya kubatiza, naye hakujitwalia.

Ndipo ikaja taabu. Januari 1885, chini ya Kabaka Mwanga, Mackay na mwenzake Ashe walikamatwa njiani kwenda ziwani pamoja na vijana wao. Wazungu waliachiliwa, lakini vijana watatu, Kakumba, Lugalama na Serwanga, walikatwa mikono na kuchomwa moto tarehe 31. Baadaye mwaka ule wamisionari, wakiona kwamba wataweza kufukuzwa siku yo yote, waliweka baraza la wazee wa Kiganda ili Kanisa lisife bila wao. Hapa mafundisho ya Mackay juu ya mamlaka yalionekana kwa vitendo kuliko barazani kwa Mutesa. Kanisa lililokosa askofu, kwa sababu Askofu Hannington aliuawa Busoga Oktoba 1885, na lililokaribia kukosa mchungaji, liliongozwa na wenyeji waliojua kusoma.

Nao Wakatoliki hawakupungua. Mapadre walipoondoka Buganda tangu mwisho wa 1882 hata Julai 1885, waumini wao walisimama, na Yosefu Mukasa, aliyewaongoza, akauawa Novemba 1885. Tarehe 3 Juni 1886, pale Namugongo, Wakatoliki na Waprotestanti walichomwa siku moja, mahali pamoja. Mwanga hakuwauliza juu ya mwamba. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu Wakatoliki 22 mwaka 1964, aliwataja pia wale wa Kanisa la Uingereza waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Lourdel mwenyewe, kwa sheria za siku zake, asingaliweza kufanya hivyo.

Baada ya Ashe kuondoka mwaka 1886, Mackay alikaa karibu mwaka mzima peke yake, akifasiri Mathayo kwa Kiganda na kupiga chapa usiku. Julai 1887 akalazimishwa kutoka. Akaenda Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi iliyo sasa Tanzania, akajenga tena karakana, akafundisha.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1888, Waislamu walishika ufalme, wakawafunga wamisionari wote, kisha wakawafukuza. Wakatiwa pamoja katika boti moja ya C.M.S., jina lake Eleanor: Walker na Gordon wa Kiingereza, Lourdel na askofu wake Livinhac, na vijana wengi. Ziwani kiboko akaipiga boti ikatoboka na kuzama, na baadhi ya vijana wakafa maji. Waliosalia wakafika kisiwani, wakaitengeneza, wakaendelea mpaka Bukumbi, kituo cha mapadre, ambako Waingereza walipokewa na kulishwa kama ndugu. Wazee wa Kanisa tangu zamani hulifananisha Kanisa na chombo majini, na Wakatoliki hupenda kukiita chombo cha Petro. Chombo kile kilikuwa cha Waprotestanti, na mapadre walikuwamo ndani yake. Mackay aliyapata hayo kwa barua. Hatuoni kwamba alibadili neno lo lote la mafundisho yake juu ya Papa. Alikuwa na ulimi mkali, na katika jambo hili uzee, kama angaliupata, pengine usingalimlainisha.

Stanley alifika Usambiro Agosti 1889 akamkuta bado kazini, akamsifu sana. Tarehe 8 Februari 1890 homa ya malaria ikamwua Mackay, akiwa na umri wa miaka 40. Hakuwa amerudi kwao hata mara moja kwa muda wa karibu miaka 14. Miezi mitatu baadaye, tarehe 12 Mei 1890, Padre Lourdel naye akafa Buganda, ambako Wakristo wa pande zote walikuwa wamemrudisha Mwanga kwa kupigana pamoja.

Umoja ule wa vita haukudumu. Watu walijiita Wafaransa na Waingereza, ingawa walikuwa Waganda wote, na waligawana vyeo na mashamba kwa dini. Tarehe 24 Januari 1892 wakapigana kwa bunduki pale Mengo, Mkatoliki na Mprotestanti, baadhi yao ni watu waliofichana katika siku za mateso. Katika waliouawa siku ile alikuwamo Sembera Mackay, yule aliyeandika kwa unyasi.

Mifupa ya Bwana Mackay ilitolewa Usambiro mwaka 1927, ikazikwa penye kanisa kuu la Namirembe, mahali alipozikwa na Askofu Hannington.